Kabla ya Mchango wa Tiketi: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Vyama Vyetu Marekani

Kwenu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vyama vya Waafrika Mashariki mlioko Minnesota, Massachusetts, Texas, Ohio, Maine na kwingineko. Na kwenu mawakili wa uhamiaji mliozaliwa kwetu, au mliozaliwa huku na wazazi wa kwetu.



Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Mombasa, naishi Minnesota, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee zamu ya usiku. Kwa miaka mitano na miezi kumi mume wangu alikuwa Kisauni nami nikiwa huku na watoto. Sasa yuko nyumbani, kwa hiyo siandiki kujiombea. Naandika kwa sababu wiki tatu zilizopita niliona tena kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tangazo la mchango wa tiketi ya ndugu aliyefiwa, na mikono yangu ikatetemeka.

Februari 2016, saa tisa za usiku, simu ilitoka Kisauni: mama mkwe ameanguka chooni, upande mmoja wa mwili hausikii. Kiharusi. Mume wangu hakulala tena. Asubuhi nilimweleza katibu wa chama chetu, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshaenea. Kwa siku mbili watu walichanga dola 1,840. Wengi wao walikuwa watu wa kuhesabu saa za kazi kama sisi. Mmoja alituma dola 15 na akaomba radhi kwamba ndizo alizo nazo. Tiketi ikanunuliwa na fedha za hospitali zikabaki. Mume wangu akafika, akakaa na mamake siku tisa, akamzika kwa mikono yake.

Sitaacha kuwaombea dua wale waliochanga. Lakini ile tiketi ndiyo iliyomfungia mlango kwa miaka kumi, na kati ya watu sitini na kitu waliotoa fedha zao, hakuna hata mmoja aliyelijua hilo. Wala mimi sikujua.

Niruhusuni nieleze jinsi lilivyokuwa, maana ndipo hoja yangu ilipo. Mume wangu aliingia Marekani Juni 2009 kwa viza ya matembezi. Pale uwanja wa ndege alipewa miezi sita. Desemba ikapita, akabaki. Sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 30 Septemba 1996, na ambayo hesabu yake ilianza tarehe 1 Aprili 1997, inasema kwamba aliyekaa bila idhini zaidi ya siku 180 lakini hajafikisha mwaka, kisha akaondoka, harudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, kisha akaondoka, harudi kwa miaka 10. Yaangalieni hayo maneno "kisha akaondoka". Kinachoamsha kizuizi ni kule kutoka. Mume wangu aliishi huku zaidi ya miaka sita bila makaratasi, akifanya kazi, akilipa kodi kwa namba ya ITIN, na muda wote huo kizuizi kilikuwa kimelala. Kiliamka ndege ilipoiacha ardhi.

Na kuna lililoniliza zaidi nilipokuja kuelezwa. Mimi nilipata kadi ya kijani kwa bahati nasibu ya viza, Machi 2011. Mwenye kadi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, na fomu hupokelewa hata siku 90 kabla miaka hiyo haijatimia. Ile Februari ya kiharusi nilikuwa nimeshaingia ndani ya siku hizo 90, na sikuwa nikijua. Niliapa kiapo cha uraia Oktoba 2016. Laiti mume wangu angekuwa bado yuko Minnesota siku hiyo, angeweza kuomba makazi ya kudumu hapahapa, bila kukanyaga uwanja wa ndege, kwa sababu aliingia kwa mlango wa halali, mbele ya afisa, na sasa angekuwa mume wa raia. Kule kupitiliza muda wa viza kusingemzuia. Tungehitaji subira ya miezi minane tu.

Sisemi kwamba asingekwenda. Mama ni mama, na mimi mwenyewe ndiye niliyempangia sanduku. Labda angeondoka vilevile. Lakini angeondoka akijua, nami ningeanza kukusanya ushahidi wiki ileile, badala ya miaka miwili baadaye.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuna aliyeuliza. Katika watu wale sitini walikuwamo wauguzi, wahasibu, mwalimu wa chuo, na watu wawili waliowahi kuitwa kwenye mahojiano ya uhamiaji. Jibu naona ni stara. Kwetu mtu haulizwi makaratasi yake. Unaweza kula naye sahani moja miaka kumi, ukasimamia harusi ya mwanawe, usijue viza yake ilikwisha mwaka gani. Kumuuliza ni kumvua nguo mbele za watu. Basi tunachanga kimya, kwa mapenzi, tukimsitiri. Mume wangu alisitiriwa mpaka langoni mwa ndege.

Stara ni ada njema na sitaki tuiache. Nawaomba tujenge mlango mmoja ambapo siri hii inaweza kusemwa bila aibu, kwa mtu anayefungwa na kazi yake asiitoe nje. Mtu huyo ni wakili. Hilo ndilo ombi la barua hii. Vyama vyetu vina mfuko wa kusafirisha maiti, na fedha zake hupatikana usiku mmoja. Naomba viwe pia na mfuko wa wakili, na uguswe kabla ya ule wa tiketi.

Mnaweza kuuliza wakili ana faida gani kwa aliyekwisha kufungiwa. Nitawaeleza nilivyofanya bila yeye, kisha nilivyofanya naye.

Mwisho wa 2016 nilimwombea mume wangu kama mke raia. Ombi la ndoa likapita. Katikati ya 2018 akaitwa kwa mahojiano Nairobi. Afisa alimsikiliza kwa adabu, akampa karatasi yenye kifungu cha sheria, akamwambia kuna fomu ya kuomba msamaha wa kizuizi, I-601. Msamaha huu hautolewi kwa huruma ya jumla. Sheria inataka uonyeshwe dhiki iliyokithiri, na dhiki hiyo imwangukie mtu maalumu: mume, mke, baba au mama wa mwombaji, aliye raia wa Marekani au mwenye makazi ya kudumu. Watoto hawamo. Ndiyo, someni tena. Kwa kizuizi cha kukaa bila idhini, machozi ya mtoto raia, aliyezaliwa hapahapa, peke yake hayahesabiwi.

Mimi hilo sikulijua, wala aliyenijazia fomu hakulijua. Alikuwa mtu wa kwetu, mwema, ambaye kila Februari hutujazia fomu za kodi, na watu walinielekeza kwake. Alichukua dola 600. Ada ya serikali wakati ule ilikuwa dola 930. Leo ni 1,050. Akaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu: watoto wanamlilia baba yao, mtoto wa kwanza mgonjwa, mke anampenda mumewe. Tukaambatisha picha za harusi na picha za watoto. Jibu lilipokuja 2019 lilikuwa la kukataa, na lilisema kwa lugha ya upole kwamba majonzi ya kutengana ni jambo la kawaida kwa familia zilizo katika hali kama yetu. Nilikaa nayo barua ile kwenye gari hadi zamu yangu ikanipita. Kulikuwa na haki ya kukata rufaa ndani ya siku 30, na siku tatu za posta juu yake. Yule ndugu aliniambia nisubiri kwanza atazame. Siku zikaisha.

Simtaji wala simlaumu peke yake. Alifanya kazi ambayo sisi wenyewe tulimpa kwa kuwa hatukuwa na mwingine wa kumwendea. Hata serikali haikupi: katika mambo ya uhamiaji sheria inakuruhusu kuwa na wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Mwizi wa kuku hupewa wakili wa bure. Mke anayeomba mumewe arudi hapewi.

Mwaka huohuo wa 2019 muuguzi mwenzangu, Mmarekani, aliniambia kuna chuo kikuu ambacho kitivo chake cha sheria kina kliniki, wanafunzi wakishughulikia kesi za watu chini ya mwalimu aliye wakili. Nilikwenda na faili langu jembamba. Wakili yule, mama wa makamo, alilisoma lote kwa dakika kumi. Hakuniuliza kama nampenda mume wangu. Aliniuliza, "Kila mwanao anapolazwa, wewe hupoteza zamu ngapi?"

Mwanangu wa kwanza ana selimundu. Aligunduliwa kwa damu ya kisigino anayotolewa kila mtoto anayezaliwa huku. Maumivu yakimshika, tunakwenda hospitali usiku, na kama baba hayupo, dadake mdogo anakwenda nasi amefungwa blanketi. Mimi nikiwa huko, siko kazini. Nisipokuwa kazini, silipwi. Wakili akasema: sheria haimtazami mtoto, inakutazama wewe; basi tuonyeshe jinsi kila usiku wa mtoto unavyokuangukia wewe. Tukazipanga stakabadhi za mshahara kando ya tarehe za kulazwa. Kila mtoto alipoingia wodini, mshahara wa wiki mbili ulishuka. Usiku wa maumivu ukawa tarakimu, na tarakimu zile zilikuwa zangu.

Kisha akaomba rekodi zangu mwenyewe za daktari. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila mwanamke wa kwetu alisikie.

Kwa miaka ile mitatu nilikuwa nikipimwa shinikizo la damu kila baada ya miezi michache. Silali. Nywele zinakatika. Mara mbili nilisimama jikoni nisikumbuke nimekuja kuchukua nini, maji yakachemka mpaka sufuria ikaungua. Na kila daktari aliponiuliza, "Hali yako vipi?" nilijibu kama nilivyofunzwa na bibi yangu Mzizima: njema, namshukuru Mungu. Tukazisoma rekodi pamoja. Ukurasa baada ya ukurasa: mgonjwa anasema yuko vizuri, hana malalamiko. Wakili akavua miwani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Faili lako la hospitali linaapa kwamba huna dhiki yoyote."

Nililia pale, mbele ya wanafunzi wawili wa umri wa wadogo zangu. Sikujua kwamba kule kumficha daktari kilicho ndani kungekuja kusimama upande wa pili wa kesi ya mume wangu. Wakanipeleka kwa mwanasaikolojia ambaye aliniona mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia niko vizuri. Mara ya tatu nilimweleza kuhusu ile sufuria. Alichoandika kiliitwa kwa jina lake, sonona, pamoja na dalili zake na muda wake, na nikaanza dawa ambazo kwa kweli nilizihitaji tangu zamani, hata kama kusingekuwa na fomu.

Afisa wa uhamiaji hawezi kuona sonona kwenye picha ya harusi. Anahitaji karatasi, na karatasi hiyo haitokei kama mwenye dhiki amefundishwa tangu utotoni kwamba dhiki haisemwi. Wakili wa Kimarekani alinisaidia sana, lakini ilimchukua miezi kunifahamu. Wakili wa kwetu, au hata msaidizi wake anayejua kwamba "namshukuru Mungu" inaweza kuwa na kilio ndani yake, angeng'amua siku ya kwanza. Ndiyo maana barua hii haiendi kwa wanasheria wote wa Marekani. Inaanza kwenu.

Maswali ya msamaha ni mawili, na faili zuri huyajibu yote. La kwanza: mke akibaki Marekani bila mume, itakuwaje? La pili: akiamua kumfuata mumewe, itakuwaje? Sera iliyotolewa na idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, mwaka 2016 inaruhusu kuthibitisha upande mmoja ikiwa ndio utakaotokea, lakini mwalimu wetu alisema tusiache tundu. Kwa swali la pili, daktari wa damu wa mwanangu aliandika kurasa tatu kuhusu selimundu na malaria. Watu husikia kwamba selimundu hukinga malaria. Hukinga kiasi kwa aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu. Mwenye ugonjwa wenyewe, malaria humdhuru vibaya. Pwani yetu ina malaria. Akaandika pia dawa anazotumia mtoto, vipimo anavyohitaji na mara ngapi kwa mwaka. Mimi nikaandika kwamba ningepoteza leseni yangu ya kazi, bima, na nyumba tuliyokuwa tukilipia. Kila moja ya hizo peke yake USCIS huiita matokeo ya kawaida ya kuhama. Lakini sheria inataka dhiki zote zipimwe kwa pamoja, na hilo nalo nilifundishwa na wakili. Nilikuwa nikidhani natakiwa kutafuta moja kubwa.

Imamu wetu aliandika. Msimamizi wangu kazini aliandika. Wifi yangu Kisauni aliandika kwa Kiswahili, kurasa mbili za mkono, na mwanafunzi mmoja akaniuliza nani atazitafsiri. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iwe na tafsiri kamili, na mtafsiri atie saini kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba hakuacha wala hakuongeza neno. Hahitaji kuwa mtafsiri wa mahakama. Wangapi miongoni mwenu wanaweza kazi hiyo Jumamosi moja kwa mwezi? Nadhani wote mnaosoma barua hii.

Faili la pili lilikuwa na kurasa 412. Liliingia mwanzoni mwa 2020, likakubaliwa 2021, na Desemba mwaka huo mume wangu akatokea mlangoni pa uwanja wa ndege wa Minneapolis akiwa na koti jembamba la Mombasa. Binti yetu, aliyeachwa na miezi kumi na moja, alijificha nyuma yangu.

Familia ni ileile, maradhi ni yaleyale, sheria haikubadilika hata nukta. Faili la kwanza na la pili yanatofautiana kwa mtu aliyetayarisha kila moja.

Mambo haya hayafanani kwa kila mtu, na ndiyo sababu nyingine ya kumhitaji anayejua. Jirani yangu aliingia mwaka uleule kwa viza ya mwanafunzi, akaacha chuo kwa kukosa karo. Mimi nilidhani hali yake ni sawa na ya mume wangu. Kumbe mwanafunzi kwa kawaida huandikiwa kukaa kwa muda wa masomo bila tarehe ya mwisho, na siku zake za kukaa bila idhini hazianzi kuhesabiwa mpaka idara au jaji wa uhamiaji atamke kwamba amekiuka. Siku za mtoto aliye chini ya miaka 18 nazo hazihesabiwi. Aliyeingia bila kupita kwa afisa, au ambaye mwenzi wake ana kadi ya kijani tu, huenda akahitaji njia nyingine: tangu Machi 2013 ipo fomu ya I-601A, inayomruhusu mtu kuomba msamaha akiwa bado yuko Marekani, ajue jibu kabla hajasafiri kwenda kwenye mahojiano. Mwanzoni ilikuwa kwa jamaa wa raia pekee. Agosti 2016 ikapanuliwa hadi kwa wenye mume, mke au mzazi aliye na kadi. Ada yake sasa ni dola 795 na jibu limekuwa likichukua miaka. Fomu hiyo haisamehi chochote isipokuwa kule kukaa bila idhini. Aliyewahi kuingia kwa pasipoti ya mwingine, au aliyeficha ndoa kwenye fomu, akiutumia msamaha huo na kusafiri anaweza kukwama huko nje. Na aliyekwisha kukaa bila idhini zaidi ya mwaka, akatoka, akarudi kwa njia za panya, huyo mlango wake ni mwingine kabisa: sharti akae nje miaka 10 kwanza ndipo aombe hata ruhusa ya kuomba.

Ndugu zetu Wakongo waliopitia Nyarugusu na kambi nyingine wana sheria yao. Aliyefika kama mkimbizi anaweza kumwombea mke au mume na watoto walioachwa, lakini fomu iingie ndani ya miaka 2 tangu alipofika. Msamaha wa mkimbizi nao ni mpana zaidi kuliko wetu. Hutazama utu na umoja wa familia bila kudai yule jamaa maalumu. Nimekutana na mama wa Bukavu ambaye miaka yake miwili ilipita akiwa anajifunza kupanda basi la kazini. Hakuna aliyemwambia.

Sasa, waheshimiwa viongozi, niseme ninachoomba kwa uwazi.

Msiulize makaratasi ya mtu kwenye kikundi. Naomba hilo kwa nguvu zote, maana picha ya simu husafiri kuliko ndege. Fanyeni hivi: kila tangazo la msiba au maradhi ya nyumbani linapowekwa, katibu amtumie mhusika, yeye peke yake, namba ya wakili ambaye chama kimeshamlipa saa moja ya ushauri. Asiulizwe kwa nini anaihitaji au haihitaji. Raia atatumiwa, mwenye kadi atatumiwa, asiye na chochote atatumiwa, na hakuna atakayejua nani alipiga simu. Saa moja ya wakili ni sehemu ndogo ya bei ya tiketi. Mume wangu angepewa saa hiyo mwaka 2016, angesikia sentensi tatu tu, na maisha yetu yangekuwa mengine.

Baadhi ya vyama vyenu vimesajiliwa kuwa mashirika yasiyo ya faida na vimesamehewa kodi ya serikali kuu. Wizara ya Sheria ya Marekani ina utaratibu wa kuyatambua mashirika kama hayo, yakiwa yanahudumia hasa watu wa kipato cha chini na yana namna ya kupata ujuzi wa sheria, ili wafanyakazi au watu wao wa kujitolea wasio mawakili wapewe idhini ya kuwawakilisha watu mbele ya USCIS. Ipo pia idhini kamili ya kusimama hata mbele ya jaji wa uhamiaji. Idhini hudumu miaka 3, kisha huombwa upya. Makanisa na mashirika mengine yamekuwa yakifanya hivi kwa miaka mingi. Sisi tuna watu wenye shahada wanaopanga bidhaa ghalani usiku. Mpelekeni mmoja akasome. Yule ndugu anayetujazia fomu za kodi angekuwa wa kwanza kunufaika, na moyo wake tayari upo.

Kwenu mawakili: najua mnadaiwa mikopo ya masomo, na najua kila harusi mtu anawavuta kando kuwauliza swali la bure. Sitaki swali la harusini. Naomba kila mmoja wenu achukue faili moja la msamaha kwa mwaka bila malipo, au asimamie tafsiri na ushahidi wa faili moja linaloshughulikiwa na kliniki ya chuo. Mnachojua nyinyi hakinunuliki: mnajua mama wa Lamu au wa Kigoma anaposema "tumezoea" maana yake nini, na mnajua cheti cha mazishi hutolewa ofisi gani na huchelewa kwa nini.

Chama chetu kinakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya adhuhuri. Nimemwomba mwenyekiti dakika ishirini. Nitakuja na faili langu, zile kurasa 412, majina ya watu na namba zikiwa zimefunikwa kwa wino, na lile jembamba la kwanza pia, pamoja na barua ya kukataliwa. Mume wangu atakuja. Amesema atasimama mwenyewe aeleze habari ya ile tiketi. Kiongozi yeyote wa jimbo lolote anayetaka nakala ya jinsi ushahidi ulivyopangwa, nitampa. Wale walionichangia mwaka 2016 wengi bado wapo, na fedha zilizobaki za hospitali, ambazo mama mkwe hakuziwahi, nitazileta. Ni dola 310. Naomba ziwe za kwanza kwenye mfuko wa wakili.

Ni mimi, mwanachama wenu,
Minnesota